Mwenyewe au Yenyewe

Jina la Sikio hakupewa na wazazi wake. Wazazi walimpa jina zuri tu, la heshima, ambalo siku hizi linajulikana na mkewe na watu wa vitambulisho basi. Sikio alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu alikuwa na kipaji cha kuudhi: aliligonga gogo kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kama anasikiliza umbea, kisha akasema, "Ndani kuna fundo, upande huu wa kushoto." Ukilipasua, unalikuta fundo limekaa hapohapo. Na yeye alikuwa mtu wa kukukumbusha mwezi mzima kwamba alikwambia.

Sasa sikia kichekesho. Masikio ya Sikio yalikuwa yamekufa.

Hayakufa kwa mkupuo. Msumeno wa meza na randa ya umeme viliyala polepole, kama mchwa wanavyokula mlango: nje rangi inang'aa, ukisukuma kidole kinazama. Mwanzoni Sikio aliona kosa ni la watu. "Siku hizi watu wanakula maneno," alilalamika. "Mtu anaongea kama ana kiazi mdomoni." Baadaye lawama ikageuka. Watu wakawa wanapayuka. Muuza duka anapayuka, jirani anapayuka, hata mashemasi waliokuwa wapole nao wanapayuka. "Adabu imekwisha mtaa huu," akamwambia mkewe. "Mtu yuko hapa puani kwako, anakuita kama anaita ng'ombe."

Mkewe akasema kitu. Sikio akajibu, "Haya."

"Haya" ndiyo ilikuwa silaha yake. Ukimwuliza, haya. Ukimwagiza, haya. Wenzake wakicheka, naye anacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wao ili asishukiwe. Mara moja tu silaha ilimlipukia mkononi. Fundi wa magodoro, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja amenuna akamwambia mama mkwe wake amefariki. Sikio akampa mkono akamwambia, "Hongera sana, ndugu yangu." Yule bwana aliondoka akiwa hajui kama ametukanwa au ameeleweka.

Kwa nini alificha? Kwa sababu ya baba yake. Baba yake naye alikuwa seremala, na alikuwa seremala wa kuogopwa. Mtu hakuezeka nyumba bila kupita kwake kuuliza. Kisha macho yakaenda. Wanawe wakamwekea kiti cha plastiki karibu na mlango, pahali penye hewa nzuri, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza habari ya paa wala ya mbao. Watu walipita, wakainama, wakamwuliza jambo moja tu: "Mzee, umekula?" Mzee aliishi hivyo mpaka akafa, ameshiba na amesahauliwa. Siku ya mazishi Sikio aliapa kimoyomoyo kwamba yeye kile kiti hatakikalia, na hilo swali hataulizwa.

Basi, katika karakana yake kulikuwa na mashine ya kuchonga kwa kompyuta. Wasioijua waelewe hivi: ni meza kubwa kama kitanda cha watu wawili, juu yake kuna daraja la chuma linalokwenda mbele na nyuma, na kwenye daraja kinaning'inia kichwa kilichoshika kisu kinachozunguka. Unachora kwenye kompyuta, unafunga mbao juu ya meza, kichwa kinachonga ulichochora. Mchoraji alikuwa mkewe Sikio. Alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka alipostaafu, na bado kila mtu alimwita Mwalimu, mumewe akiwa wa kwanza. Alijifunza kuchora kwa kompyuta baada ya kustaafu, kwa ukaidi tu, kwa sababu Sikio alisema hataweza.

Mashine ilipofika, Sikio aliizunguka na kitambaa, anafuta hapa, anapuliza pale, chai ikapoa. Mwalimu alimtazama, akaweka mikono kiunoni. "Hongera, umeoa. Na mimi nimepata mke mwenza."

Utani ukanasa. Mashine ikaitwa Mke Mdogo, na karakana nzima ikaanza kuisema kama mtu. Mke Mdogo ameamka? Mke Mdogo amegoma. Mke Mdogo leo ana kisirani, msimguse. Mwalimu mwenyewe alicheka, lakini akiandika kitu rasmi aliandika "mashine imewashwa", siyo "amewashwa". Utani ni utani, alisema, na ngeli ni ngeli.

Kazi kubwa ya Mke Mdogo ni kasi. Kisu kinene kinataka kuzunguka polepole, kisu chembamba kinataka mbio. Ukikosea, mbao inaungua, au kisu kinakatika na kuruka kutafuta mtu. Zamani Sikio aliipanga kasi kwa mkono, kwa kidude cha kuzungusha kama cha sauti ya redio, huku akisikiliza kichwa kinavyoimba. Hakuangalia namba. Alisikiliza, akazungusha kidogo, akasema, "Hapo." Watu walikuja kumtazama akifanya hivyo.

Kisha mbao zikaanza kutoka na kingo nyeusi kama mkate uliosahaulika jikoni. Sikio akasema ni mbao za siku hizi, zimevunwa changa. Zilipoungua na zile alizozikausha yeye mwenyewe, akaona mambo yameharibika. Hapo ndipo alipomwita shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa mdogo wake Mwalimu, fundi umeme, mtu hodari na mwenye kasoro moja: hitilafu ndogo aliiona kama dharau kwake. Sikio akamwomba aunganishe kasi iwe inapangwa na kompyuta, mikono ikae kando.

"Wewe?" shemeji akashangaa. "Wewe unayejisifu una sikio?"

"Uzee, shemeji. Nataka kupumzika."

Hakutaka kupumzika. Alitaka kompyuta isikie badala yake, asije mtu akajua. Kama kasi itajipanga, yeye atasimama pale na mikono nyuma, fundi kamili, na kiti cha plastiki kitakaa kinawasubiri wengine.

Shemeji alivuta waya kutoka kwenye ubao wa kompyuta hadi kwenye kisanduku kinachoendesha kichwa. Akaongeza swichi ya kuchagua: upande mmoja kisanduku kinafuata kidude cha mkono, upande wa pili kinafuata kompyuta. Swichi akaifunga pembeni chini ya meza, akaifunika kifuniko cha plastiki isiingie vumbi. Akaijaribu, ikafanya kazi vizuri kabisa, akakusanya vyombo vyake. Mwalimu akabandika karatasi mbili kwa herufi kubwa: upande mmoja MWENYEWE, upande wa pili YENYEWE. Akamweleza mumewe maana yake, akinyoosha kidole. Randa ilikuwa inanguruma. Sikio alitikisa kichwa kwa makini.

"Haya," akasema.

Walipoondoka, Sikio aliinama akasoma. Akafikiri kama mtu mzima. Mke Mdogo ni mtu, basi Mke Mdogo akifanya kazi anafanya mwenyewe. Akasukuma swichi upande wa MWENYEWE, akarudisha kifuniko, akaridhika na nafsi yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa mlango wa daktari wa meno. Mama huyu alitaka mlango wa kliniki wenye majani na mizabibu, nyuma ya majani pachimbwe kwa kisu kinene, majani yakatwe kwa kisu chembamba. Fundi mwingine alimshauri achongewe jino. Alimfukuza. "Watu wanakuja wanatetemeka," alisema, "halafu mlangoni niwawekee jino?"

Jaribio la kwanza likaungua. Kompyuta iliagiza kasi ndogo, kichwa kikazunguka mbio. Ikaagiza mbio, kikabaki vilevile, hakipandi wala hakishuki. Shemeji akaitwa, akaja na begi zima, uso umechangamka. Mwalimu naye akaja na kiti chake na miwani.

Shemeji alijilaza chini ya meza. "Shemeji!" akaita kutoka huko, mdomo umejaa vumbi la mbao. "Swichi umeiweka yenyewe?"

Kilichomfikia Sikio kilikuwa mkia wa neno tu: "...enyewe?"

"Mwenyewe!" akajibu kwa fahari.

Shemeji akaelewa kwamba Sikio ameiweka kwa mkono wake mwenyewe, kama mwenye mali anavyopaswa. Akaridhika. Na kwa neno hilo moja, watu wawili wazima wakaanza kutafuta tatizo kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa.

Akatoa testa ya kupimia umeme. "Mwalimu, agiza nusu ya kasi." Mwalimu akaandika kwenye kompyuta. Testa ikasoma volti tano. "Sawa. Kumi ni kasi yote, tano ni nusu. Agiza yote." Ikapanda kumi. "Umeona? Kompyuta inasema vizuri sana, maneno yanafika mpaka mlangoni kwa kisanduku." Akagonga kisanduku kwa bisibisi. "Tatizo ni huyu. Anaambiwa, hasikii. Kiziwi!"

Ajabu ya Mungu, katika maneno yote yaliyosemwa asubuhi ile, hilo Sikio alilisikia wazi.

"Nani kiziwi?" akauliza kwa ukali.

"Kisanduku, shemeji!"

"Aa."

"Na kiziwi wa namna hii hana dawa. Unamng'oa unaweka mwingine."

Sikio akageuka akajifanya anatafuta kipande cha msasa. Mwalimu alimtazama mgongoni kwa muda, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Shemeji hakuacha kitu. Alibadilisha waya akaweka wenye koti la bati, akisema mota ya kunyonya vumbi inaupigia kelele za umeme. Akaizima mota hiyo. Akafungua kisanduku akapuliza vumbi lililotosha kujaza mto. Akakagua kama waya mbili zimepishana, hazikupishana. Akaangalia kama kompyuta na kisanduku vimekubaliana kasi ya juu ni ipi, vimekubaliana. Kila alipomaliza jambo alisema, "Sasa," na kila aliposema "Sasa" hapakuwa na jipya. Fundi wa magodoro alikuja kutazama, akatoa ushauri usioombwa, akarudi kwake.

Daktari wa meno naye akatokea. Alikuwa amekuja kuona mlango wake umefikia wapi, akakuta umefikia kwenye ubao mtupu. Sikio aliona aibu, na aibu ikamfanya afanye ujinga. "Iko tayari, Daktari!" akasema. "Simama hapo uone."

"Shemeji, bado!" shemeji akapiga kelele.

"Haya," akajibu Sikio, akabonyeza kitufe.

Kisu kinene kilishuka juu ya mbao ya mlango wa watu kwa kasi ya kisu chembamba, na Mke Mdogo akapiga yowe. Si kelele ya kazi, ni yowe la kupasua kichwa. Shemeji aliziba masikio. Mwalimu aliziba masikio. Daktari aliangusha mkoba akaziba masikio. Kule upande wa pili wa ukuta fundi wa magodoro alionekana dirishani, mikono masikioni, anafungua na kufunga mdomo. Moshi ukaanza kupanda. Na katikati ya hayo yote, mtu mmoja tu alikuwa amesimama kifua mbele, mikono nyuma, anatabasamu kwa mteja.

Kisu kikakatika. Kipande kilipita karibu na kichwa cha Sikio kikajikita ukutani. Mwalimu akakirukia kitufe chekundu akakibamiza, kichwa kikazunguka zunguka, kikasimama.

Sikio akawatazama. Wote bado walikuwa wameshika masikio, wanamwangalia yeye. Akaelewa. Tabasamu likabaki pale usoni halijui pa kwenda.

"Fundi," Daktari akasema, akija mpaka mbele yake, "mimi nashinda na mashine za namna hii kwenye vinywa vya watu. Moja ikilia hivyo, mgonjwa anakimbia na kiti. Hukusikia?"

"Nilisikia," Sikio akasema. "Ndivyo alivyo huyu. Ana kisirani."

Mwalimu alipiga magoti pembeni ya meza, akatoa kifuniko, akatazama. Kisha akasimama, akamwendea mumewe mpaka pua kwa pua.

"Swichi hii ameiweka nani hapa?"

"Mwenyewe. Si umeandika mwenyewe? Mke Mdogo afanye mwenyewe."

"Mashine, wewe mwanamume! Mashine ni yenyewe! MWENYEWE ni wewe, ufanye mwenyewe kwa mkono wako! Miaka yote umelala na mwalimu wa Kiswahili, hata ngeli moja haijakuambukiza?"

Shemeji chini ya meza akatoa mguno wa mtu aliyepigwa tumboni. Asubuhi nzima. Waya wa bati.

Lakini Sikio hakuwa mtu wa kufa bila kupigana. "Na YENYEWE je? Mimi nilijua ni mikono. Mikono yenyewe! Mikono siyo yenyewe, Mwalimu?"

Mwalimu akahesabu ngeli kwa vidole. Mkono wenyewe, mikono yenyewe. Ni sahihi. Kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa alikuwa ameshindwa kwenye sarufi, mbele ya mteja.

"Lakini nilikueleza," akasema taratibu.

"Randa ilikuwa inawaka."

"Ndiyo maana nikaandika." Akamshika mkono. "Unafikiri kwa nini niliandika? Lini zamani nimewahi kukubandikia karatasi?"

Sikio akatazama. Kwenye chupa ya chai kulikuwa na karatasi: YA MOTO, ANGALIA. Kwenye mlango: MTEJA ANAKUJA MCHANA. Kwenye msumeno: ZIMA KWANZA. Zilikuwa kila mahali, mwandiko wa ubaoni, na alikuwa amezizoea asizione. Alidhani ni ualimu tu unamsumbua.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ile mvua. Ilipiga bati mpaka nikadhani paa linashuka. Wewe ulikuwa unakula. Ukainua kichwa ukaniambia, leo kumetulia sana." Akakohoa, akajifanya ni vumbi. "Nililia jikoni. Wala hukusikia."

"Na nani mwingine anajua?"

Mwalimu akamwangalia shemeji. Shemeji akamwangalia Daktari, ambaye alichunguza viatu vyake. Kule dirishani fundi wa magodoro alikuwa bado yupo.

"Watu wote," Mwalimu akasema. "Unafikiri kwa nini wanapayuka? Muuza duka kila jioni koo linamuuma. Mtaa mzima unakupigia kelele ili usipitwe, halafu wewe unasema hawana adabu."

Sikio akakaa juu ya rundo la mbao. Alikuwa na hasira, na aibu, na kitu kingine ambacho hakukitegemea: alikuwa anapendwa, tena kwa makelele, na yeye muda wote anawatukana.

"Sisikii," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Sisikii, Mwalimu. Nilijua mtaniweka kwenye kiti. Kama Mzee."

"Nani ana kiti cha kukupa wewe?" Mwalimu akasema. "Hiki ni changu, nina mgongo. Inuka ufunge mbao nyingine. Hii umeichoma."

Akainuka. Akafunga mbao nyingine, akafunga kisu kipya, na kabla ya kuanza alipiga magoti akasukuma swichi kwenda YENYEWE kwa mkono wake. Shemeji alitamani kulia. Mke Mdogo akawaka, kompyuta ikaagiza, kichwa kikashuka kasi bila kuguswa na mtu. Sikio hakusikia lolote. Aliangalia uso wa Daktari, akaona mabega ya yule mama yanashuka na meno yanaachana, akajua kasi imekaa sawa. Kisha akaweka kiganja juu ya meza na kukiacha hapo mpaka jani la kwanza likaisha. Daktari akamwuliza kama mlango wake unaweza kupinda kwa mvua, na Sikio akamweleza habari ya mbao na mvua kwa urefu mpaka Daktari akajuta kuuliza.

Daktari alipoondoka, Sikio akaanza kufagia. Mwalimu akasema kitu kutoka kwenye kompyuta. Sikio alihisi tu kwamba pamesemwa jambo. Midomo ilikuwa imeshafungwa. "Haya" ilimjia ulimini, akaimeza.

"Sijasikia," akasema. "Rudia."

Shemeji aliacha kukunja waya. Mwalimu akainuka kwenye kiti chake, akatembea mpaka mbele ya mumewe, akamwinamia kidogo, hivi kama watu wanavyowainamia wazee, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa fundi wa magodoro akamwuliza:

"Mzee, umekula?"

Sikio alimkodolea macho. Akatafuta huruma kwenye uso ule, hakuiona hata chembe. Aliona mwanamke anayejibana asicheke, na anashindwa.

"Mwanamke mbaya sana wewe," akasema, na akacheka mpaka ufagio ukamponyoka.